Mbalungi wa Cabramatta Una Umri Gani?

Katika maduka ya matunda ya John Street, Cabramatta, kilomita kama 30 kusini-magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney, mtu wa Unguja hahitaji mkalimani. Doriani lipo, shokishoki zipo, na kuna fenesi, stafeli, topetope, embe, pera na balungi. Majina tu ndiyo yamebadilika, kwa kuwa walioujenga mji huu wa biashara ni Wavietnam, Wakambodia, Walao na Wachina walioanza kufika kwa wingi baada ya vita vya Vietnam kumalizika mwaka 1975. Ukitoka dukani ukaingia barabara za makazi na kuchungulia juu ya nyua, orodha inapungua. Mdoriani huuoni. Mshokishoki huuoni. Utaona mibalungi, milimau, mipera, mitopetope, miti ya pasimoni, na hapa na pale mwembe au mlongani unaohangaika. Tofauti ya orodha hizi mbili, ya dukani na ya uani, inagusa swali ambalo kila aliyepanda mti wa matunda ugenini hujiuliza, wakiwemo jamaa zetu wazungumzao Kiswahili waliohamishiwa magharibi mwa Sydney kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania na Kenya: mti huu utazaa lini? Jibu hutolewa kwa miaka. Mitatu, mitano, saba. Nataka kuonyesha kwamba mwaka ni kipimo kibovu cha umri wa mti wa matunda, na kwamba modeli ya ukuaji inayoanza na kalenda humpotosha mpandaji, humpotosha zaidi kadiri alivyo mbali na nchi ya asili ya mti wake. Vipimo vya kutegemewa ni viwili: joto lililokusanywa na unene wa shina.

Joto kwanza. Mfaransa Réaumur alipendekeza mwaka 1735 kwamba badala ya kuhesabu siku kati ya kuchipua na kuiva, tujumlishe joto la siku hizo. Wazo lake bado ndilo msingi wa modeli nyingi za mimea. Kila mmea una kiwango cha joto ambacho chini yake haukui. Unachukua wastani wa joto la siku, unaondoa kiwango hicho, kinachobaki unakiweka akibani. Kwa jamii ya michungwa na mibalungi kiwango kinachotumika sana ni takriban nyuzi 13 za Selsiasi. Sasa tupige hesabu. Wastani wa joto la Dar es Salaam kwa mwaka ni kama nyuzi 26, na hakuna mwezi unaokaribia kushuka hadi 13. Kila siku inaweka akiba ya nyuzi 13 hivi, na mwaka mzima unakusanya karibu 4,700. Upande wa Cabramatta, Januari ina wastani wa nyuzi 23 na huweka akiba ya nyuzi 10 kwa siku. Lakini Juni, Julai na Agosti wastani ni kati ya 11 na 13, na miezi hiyo mitatu haiweki chochote. Ukijumlisha mwezi kwa mwezi unapata takriban 1,800 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mbalungi uliokaa miaka mitano kwenye ua wa Cabramatta umepokea joto ambalo mwenzake wa Dar es Salaam huliona kabla ya kutimiza miaka miwili. Anayeulaumu kwa uvivu anaulinganisha na mti ulioishi zaidi yake mara mbili na nusu.

Hesabu hiyo inaeleza jambo jingine ambalo jamii ya Cabramatta inalishuhudia kila mwaka. Katika mwaka mpya wa Kivietnam, Tet, unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, balungi huwekwa kwenye sinia ya matunda mbele ya madhabahu ya wazee. Nchini Vietnam balungi huiva kwa wakati wa kuitikia sikukuu hiyo. Sydney ipo nusu ya kusini ya dunia: michungwa na mibalungi huchanua Septemba na Oktoba, na matunda huiva majira ya baridi. Tet inapofika, balungi la uani bado ni la kijani na dogo, kwa hiyo la madhabahuni lazima litoke dukani. Sikukuu inafuata mwezi wa angani, tunda linafuata akiba ya joto, na mpandaji anaishi na kalenda mbili ambazo hazitapatana.

Hata hivyo, jumla ya joto peke yake haitoshi, na hapa nina sababu ya kuichukua Nairobi kama shahidi. Wastani wa joto la Nairobi ni nyuzi 18 hadi 19. Kwa kanuni ile ile ya kuondoa 13, Nairobi inakusanya takriban 2,000 kwa mwaka, karibu sawa na Cabramatta. Modeli inayotazama jumla pekee ingesema miji hii miwili ni bustani moja. Sivyo. Nairobi inaweka akiba kidogo kidogo siku zote 365; Cabramatta inaweka nyingi kiangazi kisha inafunga duka miezi mitatu. Kwa mti wa pasimoni au mpichi, kufungwa huko ni hitaji: bila idadi fulani ya saa za baridi, ambazo kwa desturi huhesabiwa chini ya nyuzi 7.2, vichipukizi havifunguki vizuri, maua hutoka machache na kwa kutawanyika. Tangu mwaka 1974 watafiti wa Utah, Marekani, walipotoa modeli ya kuipa kila saa ya baridi uzito wake, na tangu 1987 wenzao wa Israeli walipotoa nyingine inayokubali kwamba mchana wenye joto unaweza kufuta baridi ya usiku, imekuwa wazi kwamba mti una vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha joto na kingine cha baridi. Nyanda za juu za tropiki zinakosa hicho cha pili. Wakulima wa tufaha wa Batu, Java Mashariki, wanakizunguka kwa kupukutisha majani ya miti yao kwa mikono baada ya mavuno ili kuilazimisha ichipue tena, na hivyo huvuna mara mbili kwa mwaka. Kazi ya majira ya baridi inafanywa na vidole vya watu.

Kuna na kikomo cha juu, na wanaotengeneza modeli za haraka hukisahau. Tarehe 4 Januari 2020 kituo cha Penrith, magharibi mwa Sydney, kilipima nyuzi 48.9. Upande huu wa jiji uko mbali na upepo wa bahari, na siku za joto kali hupita pwani kwa nyuzi kadhaa. Kanuni ya kujumlisha joto isiyo na kikomo cha juu ingeiandika siku hiyo kuwa miongoni mwa siku bora kabisa za ukuaji. Lakini siku kama hiyo jani hufunga vinyweleo vyake ili lisikauke, huacha kuvuta hewa ya ukaa, matunda upande wa jua huungua, na shina halinenepi, linasinyaa. Kosa hili si dogo. Mtu akijenga modeli yake kwa joto la vituo vya hewa pekee, katika miaka ya ukame na joto la 2017 hadi 2020 angeuona mti wake kwenye karatasi ukikimbia, ilhali uani umesimama.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo kinachotoka kwenye mti wenyewe. Watu wengi huanza na kimo, kwa sababu kimo kinaonekana. Mimi nakikataa. Kimo kinakatwa na mkasi, kinainamishwa na uzito wa matunda, kinavutwa na kivuli cha nyumba ya jirani. Mti uliobanwa na ukuta hurefuka kwa njaa ya mwanga. Shina halina hila hizo. Kila gramu ya maji inayopanda na kila tawi linalobebwa vinapita hapo, na mti hauwezi kuongeza majani kwa miaka bila kuongeza njia ya kuyanywesha. Katika kituo cha utafiti wa matunda cha East Malling, Kent, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1913, vizazi viwili vya watakwimu waligundua kwamba mzingo wa shina unaopimwa kabla ya jaribio kuanza ndio unaosaidia zaidi kueleza kwa nini miti iliyopandwa siku moja katika shamba moja inatofautiana baadaye. S. C. Pearce aliueleza utaratibu huo katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu majaribio ya miti ya matunda. Mwaka 1970 Westwood na Roberts, watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha kwamba kwa mtufaha eneo la mkato wa shina linakwenda sambamba na uzito wa mti wote ulio juu ya ardhi. Tangu hapo majaribio ya miti ya matunda duniani kote huripoti eneo hilo kwa sentimita za mraba, na mavuno huripotiwa kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba ya shina.

Angalia kwamba nimesema eneo. Mzingo ndio unaopimwa, kwa futi ya fundi cherehani, lakini mzingo ukiachwa hivyo hivyo unadanganya. Ili kupata eneo unazidisha mzingo kwa wenyewe kisha unagawanya kwa 12.57, ambayo ni pai mara nne. Shina lenye mzingo wa sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 31.8, likifika 22 lina 38.5. Limeongeza 6.7. Shina la sentimita 40 likiongeza sentimita zile zile mbili linatoka 127.3 hadi 140.4, limeongeza 13.1. Kwa hiyo mwenye mti unaoongeza sentimita mbili za mzingo kila mwaka, anayedhani mti wake umekwama kwa sababu futi inasema jambo lile lile, ana mti unaoweka mbao nyingi zaidi kila mwaka. Na mwenye mti ambao ongezeko la mzingo linapungua kidogo mwaka hadi mwaka huenda ana mti uliotulia katika ukuaji wa haki kabisa. Nimewahi kuona ushauri wa bustani unaopanga miti kwa sentimita za mzingo zinazoongezeka kwa mwaka bila kutaja mti ulianza na unene gani. Ushauri wa namna hiyo hauna msingi.

Upimaji wenyewe una masharti machache, na yote yanatokana na maumbile ya mti. Miti ya kubebesha ina kovu pale kikonyo kilipoungana na mche wa chini, na kovu hilo mara nyingi lina uvimbe. Pima juu yake, sentimita 25 hadi 30, sehemu isiyo na kifundo wala tawi, na weka alama ya rangi ili mwakani usipime juu zaidi au chini zaidi. Ile desturi ya misituni ya kupima mita 1.3 kutoka ardhini haifai uani, kwa kuwa miti mingi ya matunda imeshatawanya matawi kabla ya kufika hapo. Pima alfajiri. Shina husinyaa mchana majani yanapopoteza maji kuliko mizizi inavyoleta, na hujaa tena usiku. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mti mchanga uliokua milimita chache ni makosa ya bure.

Sasa turudi kwenye umri na kuzaa, maana hapo ndipo ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 1964 Mholanzi T. Visser alichapisha matokeo ya kufuatilia miche ya tufaha na peasi iliyooteshwa kwa mbegu. Kila mche wa mbegu una kipindi cha utoto ambacho hauwezi kuchanua hata ukipewa nini. Wengi walikichukulia kipindi hicho kuwa idadi ya miaka. Visser aliona kwamba miche yenye shina nene zaidi ilitoka utotoni mapema zaidi. Iliyodumaa ilibaki watoto muda mrefu. Ni ukubwa uliofungua mlango. Hii ina maana kubwa kwa mtu wa Cabramatta aliyepanda mbegu ya balungi tamu alilokula: akiupogoa mche wake kwa nguvu kila mwaka ili uwe mdogo na mzuri kutazama, anaurudisha nyuma kila mwaka, kisha anashangaa kwa nini miaka saba aliyoahidiwa imepita bila ua.

Mfano wa karibu zaidi wa jinsi jina na miaka visivyotosha upo chini ya kilomita 20 kutoka Cabramatta. Katika Eastwood, kitongoji cha Sydney, mwaka 1868 bibi mmoja mkulima, Maria Ann Smith, aliwaonyesha wakulima wenzake mtufaha uliojiotea shambani kwake. Leo dunia inalijua tunda lake kwa jina la Granny Smith, na kila mti wa Granny Smith, uwe Ufaransa au Afrika Kusini, ni kikonyo cha kikonyo cha mti ule mmoja. Nasaba ni moja kabisa. Lakini bebesha kikonyo hicho juu ya mche wa chini uitwao M.9, ulioainishwa na East Malling, upate mti wa mita mbili na nusu hadi tatu. Kibebeshe juu ya mche wenye nguvu upate mti unaopita mita tano. Umri mmoja, jina moja, miti miwili isiyofanana, na ule mdogo ndio unaozaa mapema. Msomaji makini atasema hapa: basi hata shina linadanganya, kama mdogo anatangulia kuzaa. Pingamizi hilo ni la kweli, na linanilazimu kuweka mpaka. Unene wa shina hulinganishwa ndani ya mche wa chini mmoja. Ukivuka kutoka mche mmoja hadi mwingine unabadilisha sheria za mchezo, na kila kundi linahitaji mstari wake. Kwa Australia jambo hili lina historia yake: vidukari wenye sufi nyeupe walishambulia mizizi ya mitufaha vibaya mno hapa hata wakulima wakategemea mche wa Northern Spy unaowastahimili, na East Malling pamoja na taasisi ya John Innes wakautumia kama mzazi wa jamii ya miche ya MM, kama vile MM.106. Anayenunua mche dukani leo hasomi historia hiyo kwenye kibandiko, na mara nyingi kibandiko hakitaji mche wa chini kabisa. Naona huo ni upungufu ambao wauza miche wanapaswa kuurekebisha, Sydney na Muheza vilevile.

Ukishakuwa na vipimo vya miaka kadhaa, hamu ya kuchora mstari na kuusukuma mbele ni kubwa. Miti hukua kama herufi S iliyolala: polepole mwanzoni, kasi katikati, kisha hutulia. Milinganyo ya kuchora umbo hilo ipo tayari na haikuzaliwa bustanini. Benjamin Gompertz alitoa wake mwaka 1825 akichunguza vifo vya binadamu; Verhulst wa Ubelgiji alitoa wake 1838 kwa idadi ya watu; F. J. Richards mwaka 1959 akaulegeza umbo ili ufae mimea ya kila namna. Yote ni mizuri kwa kueleza yaliyopita. Hatari ipo katika kutabiri. Mti ukiwa bado katika nusu ya chini ya herufi S, milinganyo yote mitatu inapita juu ya nukta zako kwa usahihi unaofanana, kisha inaachana vibaya: mmoja unasema shina litakoma kwenye eneo fulani, mwingine unasema mara mbili ya hapo. Kikomo cha juu cha mti hakimo ndani ya vipimo vya utotoni. Tarakimu tatu baada ya nukta zinazotolewa na programu ya kompyuta hazikiongezi. Ndiyo sababu kwa mti wa uani napendelea kitu cha kawaida zaidi: asilimia ambayo eneo la shina limeongezeka kwa mwaka, ikilinganishwa na joto la mwaka huo. Asilimia hiyo hupungua kadiri mti unavyokua, na kushuka kwa ghafla kuliko kawaida ni dalili ya kuchunguza mizizi, maji au mzigo wa matunda mwaka huo huo, kabla majani hayajaanza kusema.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye mkasi wa kupogolea. Nyua za Cabramatta ni finyu, na nzi wa matunda wa Queensland huwalazimu watu kuifunika miti kwa neti. Mti lazima ubaki mfupi kiasi cha kufunikwa. Mti unaopogolewa kila mwaka unabaki na mwavuli ule ule wa matawi na majani, lakini shina haliwezi kupunguzwa, linaendelea kunenepa. Baada ya miaka kumi, kilo za matunda kwa kila sentimita ya mraba ya shina zitakuwa zimeshuka, na mwenye kufuata hesabu bila kufikiri atauhukumu mti kuwa umezeeka, ilhali mwavuli wake unazaa vilevile. Nakubali. Shina ni shahidi mzuri wa ujana. Mti ukishafika ukubwa unaoutaka na kuzuiwa hapo, shahidi awe mwavuli. Chukua urefu wa mwavuli wenyewe, upana wake wa kaskazini hadi kusini, na wa mashariki hadi magharibi, zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.52. Mwavuli wa mita 3 kwa 3 kwa 2.5 una mita za ujazo kama 11.7. Wenye mashamba makubwa ya Australia sasa wanapima ujazo huo kwa miale ya leza kutoka kwenye magari na ndege ndogo, wakipata kwa dakika picha ya maelfu ya miti. Sioni leza ikimfaa mwenye miti minne. Leza humsaidia mtu kuijua miti mingi kwa siku moja. Tatizo la mwenye ua ni kuujua mti mmoja kwa miaka mingi, na kwa hilo daftari linaloandikwa kila mwaka mahali pale pale limeshinda chombo ambacho kitakuwa kimebadilishwa mara tatu kabla mti haujakomaa.

Wapo wanaosema hatupandi miti ili tupate mbao, tupime matunda. Wangekuwa na haki kama mti ungezaa kwa utulivu. Miembe, michungwa na mitufaha mingi huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na wakulima wa Unguja na Pemba wanaijua tabia ya namna hiyo kwenye mkarafuu, ambao msimu mnene mmoja hufuatwa na misimu myembamba. Anayepima mavuno ya mwaka mmoja amepima upande mmoja wa pumzi. Hoblyn na wenzake wa East Malling mwaka 1936 walipendekeza kipimo rahisi: chukua tofauti ya mavuno ya miaka miwili inayofuatana, igawanye kwa jumla yao. Mti uliotoa kilo 60 kisha 20 una 0.5, unaotoa sawasawa una sifuri. Na hapa shina linarudi kusaidia, kwa kuwa mwaka wa mzigo mzito shina huongezeka kidogo, na mwaka wa mapumziko huongezeka sana. Chakula ni kimoja na walaji ni wawili. Ukiweka mavuno na ongezeko la shina kwenye ukurasa mmoja, unaona mti ulichokitengeneza kwa jumla, na unaweza kuamua kupunguza vitunda vichanga mwaka wa mzigo ili mwaka unaofuata usiwe mtupu. Aliyepima matunda tu, au shina tu, hana msingi wa uamuzi huo.

Kuna na pingamizi la kitaalamu: mti mmoja si jaribio. Kweli, mti mmoja hauwezi kukuambia iwapo mbolea fulani ndiyo iliyoukuza, kwa sababu huna mwenzake asiyepewa. Hilo linazuia madai kuhusu sababu, haliondoi thamani ya kumbukumbu. Na nadharia bila utepe shinani imeshawahi kupotosha hata wakubwa. Huko Richmond, kaskazini-magharibi mwa Sydney, Chuo Kikuu cha Western Sydney mwaka 2012 kilianza kupuliza hewa ya ukaa ya ziada kwenye msitu wa mikaratusi iliyokomaa. Majani yalifanya vile modeli zilivyotarajia: usanisinuru uliongezeka. Lakini tepu zilizofungwa kwenye mashina, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, hazikuonyesha miti ikinenepa zaidi, kwa kuwa udongo ule una fosforasi kidogo. Aliyepima jani peke yake angetangaza ukuaji ambao haukuwepo. Cabramatta iko juu ya udongo mzito wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya Wianamatta, na ingawa nyua zimelishwa samadi kwa miongo, mizizi ya mbalungi katika mfinyanzi uliojaa maji, kama ilivyokuwa katika miaka ya mvua nyingi ya 2020 hadi 2022, inaweza kuoza huku joto la kutosha likiendelea kuhesabiwa juu.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuuharakisha upimaji huu wa mashina. Mti wa Cabramatta unaopumzika majira ya baridi huacha pete ndani ya mbao, na siku ukikatwa, sehemu ya historia yake inaweza kusomwa. Mwembe wa Unguja hauna majira ya baridi ya kuuandikia mwaka, na pete zake haziaminiki kama kalenda. Kisichopimwa huko leo hakitasomeka baadaye. Siku ya kupima nayo haiwezi kuwa moja. Cabramatta inafaa Julai, shina linapokuwa limesimama na umande wa alfajiri uko juu ya neti. Unguja napendekeza wiki moja baada ya masika kutulia, ardhi ikiwa na maji, kwa sababu shina lililopimwa mwisho wa kiangazi mwaka huu na katikati ya mvua mwaka ujao litaonyesha ongezeko ambalo kwa sehemu ni maji tu. Anayeanza msimu huu atakuwa na namba moja isiyosema kitu. Ya pili itampa ongezeko, ya tatu itampa kushuka au kupanda kwa ongezeko hilo, na hapo ndipo swali la mti utazaa lini linapoanza kujibika kwa mbalungi ule uliopo uani.